Picha ya Kufumba na Kufumbua

Ni mchoraji gani mwingine anayelazimika kulifumba jicho analolichora? Fundi wa hina anauona mkono mzima mbele yake. Mchonga milango anaweza kurudi nyuma hatua tatu akautazama ubao. Mimi nakaa mbele ya kioo nilichokiegemeza dirishani, alasiri ya Idi mosi, jicho la kulia nimelifumba na la kushoto ndilo linalosimamia kazi. Zamu ya kushoto ikifika, mkono wangu unavuka pua, na ule mteremko wa rangi uliokwenda vizuri upande wa kwanza sasa lazima uchorwe kinyume. Kwa hiyo macho mawili hayatoki sawasawa kamwe. Wala hayakuzaliwa sawasawa, na tangu nilipolikubali hilo napaka kwa raha zaidi.

Rangi nazitoa kwenye khanga. Ninayo moja ya manjano, korosho zake za kijani, na ndani ya pindo jeusi umepita mstari wa zambarau. Aliyeipanga hakuona haya hata kidogo, na ujasiri huo ndio ninaoutaka usoni siku ya sikukuu. Manjano nayaweka karibu na pua, zambarau kwenye pembe ya nje, uzi mwembamba wa kijani chini ya jicho. Weusi wa pindo ni wanja. Ukiuondoa, rangi zinatapakaa usoni bila mwenyewe. Ukiurudisha, zinatulia mahali pake.

Lakini manjano hayakubali kirahisi kukaa kwenye ngozi yetu. Ukiyapaka makavu juu ya kope ya kahawia, yanazama na kubaki kama vumbi. Kwanza natandaza konsila nyepesi, au penseli nyeupe ya macho niliyoisugua kwa kidole mpaka ikawa utando, kisha unga naugandamiza kwa brashi bapa, tone juu ya tone, bila kufagia. Kufagia kunakuja baadaye, kwenye mipaka tu, kwa brashi laini isiyo na rangi yoyote, na mkono unaishika mbali, kwenye ncha ya mpini, ili usiweze kukandamiza hata ukitaka. Na kuna jambo lililonichukua muda kulielewa: manjano na zambarau zikikutana ana kwa ana zinazaa tope. Kila moja peke yake ni sherehe, zikichanganyika ni matope ya masika. Dawa yake ni kuweka rangi ya chungwa katikati, na baada yake waridi kidogo, rangi mbili zenye undugu na pande zote. Hapo jicho linasafiri kutoka pua hadi sikio bila kukutana na ukuta. Kazi ya mipaka hiyo pekee inakula nusu ya muda wote, na ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu huwezi kuonyesha kwa kidole mahali chungwa lilipokoma na waridi likaanza.

Uso wenyewe naupaka mwisho. Unga unadondoka mashavuni, na ni rahisi kuufuta kwenye ngozi tupu kuliko kwenye poda.

Halafu mng'aro. Unatokana na ulanga, jiwe lile lile linalobanduka karatasi kwa karatasi, ambalo katika milima ya Uluguru lilichimbwa tangu enzi za Wajerumani. Viwandani vipande vyake vidogo mno huvikwa utando wa oksidi ya titani, na unene wa utando huo ndio unaoamua mwanga urudi na rangi gani, kama mafuta yanavyocheza juu ya dimbwi la maji. Basi hiyo dhahabu iliyo kwenye kope yangu si dhahabu, wala si rangi kwa maana ya kawaida. Ni mwanga uliopishwa kwenye mlango mwembamba. Naiweka kwa ncha ya kidole cha pete, katikati ya kope tu, pale jicho linapotuna.

Bibi yangu alijua rangi moja tu ya jicho, wanja wa manga, kutoka Manga, jina la zamani la Uarabuni kwa watu wa pwani. Aliutia kwa kijiti, akafumba, akakivuta taratibu, bila kioo. Wamisri wa kale walikuwa na rangi mbili: galena nyeusi, na malakiti ya kijani iliyosagwa. Galena, ambayo huenda ilikuwemo pia katika wanja wa bibi, ina madini ya risasi, sumu kwa watoto hasa, na kwa hiyo kijiti cha bibi nimekihifadhi lakini unga wake sikuurithi. Nami nina kosa langu la ujana: nilibandika vimeta vya kupambia kadi, nikalala na jicho jekundu linalochoma siku mbili. Tangu hapo hakigusi kope zangu kitu kisichotengenezwa kwa ajili ya jicho. Furaha hii inastahili kulindwa.

Mwaka huu binti wa kaka yangu, aliyerudi kutoka chuoni, alileta stuli akakaa mbele yangu.

"Shangazi, nami nipake kama wewe."

"Fumba. Usikaze, fumba kama unayesinzia."

Kupaka jicho la mwingine ni anasa. Mikono yote miwili iko huru, na picha nzima iko mbele yako. Pumzi yake ilinigonga kifundo cha mkono. Nilipomaliza alijitazama kiooni kwa macho makavu, akakunja uso.

"Mbona sizioni rangi?"

Kweli. Akifumbua, kope inajikunja na karibu yote inapotea. Akifumba, haoni. Nilimwambia aache kioo, tuondoke, wenyeji wetu wanangoja.

Kwa ndugu za mama yake alikaa mkekani, sahani ya kashata mapajani. Alikuwa akiinamisha macho kuchagua kipande, na kila mara manjano yakawaka na zambarau ikafuata, kufumba na kufumbua, kisha weusi wa wanja peke yake. Mama mmoja aliyekuwa akisimulia habari za safari alikatiza katikati ya neno, akamtazama, akangoja achague kipande kingine.