Adabu ya Jicho: Sifa za Sinema Bubu

Katika sanaa ambazo zama zetu zimezirithi bila kuzilipia shukrani, sinema bubu ni miongoni mwa zilizodharauliwa zaidi. Kwani mtazamaji wa leo, aliyezoea picha zenye rangi, sauti na mshindo, huzitupia jicho zile picha za kijivu zisizotamka neno, akacheka kidogo, kisha akazifunga kabla dakika haijatimu. Mimi pia ni mtazamaji wa leo. Makazi yangu ni Tassia, mtaa wa maghorofa yaliyobanana katika Embakasi, upande wa Eastlands jijini Nairobi, jirani na Fedha na Pipeline, ambamo kimya ni tunu adimu: honi za matatu zapanda kutoka barabara ya Outering, na redio ya jirani haitambui mpaka wa ukuta. Ndani ya makelele hayo nimezitazama sinema fupi za kale katika kioo cha simu, na kila nilipozirudia taadhima yangu kwa mafundi wake ilizidi, hata nikaona ni wajibu kuwaandikia sifa zao.

Tarehe 28 Desemba 1895, katika Grand Café mjini Paris, ndugu wawili wa Lyon, Auguste na Louis Lumière, walionyesha picha zao mbele ya watu waliolipa kiingilio. Zilikuwa picha kumi, na kila moja haikutimiza dakika. Chombo chao kilikuwa kisanduku cha mbao kilichoweza kupiga picha, kuzichapa na kuzionyesha ukutani. Kiliendeshwa kwa mkono, na utepe wake ulikuwa na urefu wa mita 17 hivi. Utepe ukiisha, kisa kimekwisha. Wengi wataona ufinyu huo kuwa ni umaskini. Mimi nauona kuwa ndio uliomfundisha fundi adabu ya jicho, kwa sababu kabla hajaushika mpini ilimpasa ajue asimame wapi, jua liko upande gani, mlango ufunguliwe lini, na kitu gani akiache nje ya picha bila kukijutia.

Chukua ile picha ya wafanyakazi wakitoka katika kiwanda cha akina Lumière. Lango linafunguliwa, wanawake wenye kofia na marinda marefu wanamiminika, wanaume wanafuata, mbwa anapita, nao wanagawanyika kushoto na kulia mpaka kiwanja kinakaribia kuwa kitupu. Zimesalia namna tatu za picha hiyo, na kwa hizo twatambua kwamba jambo linaloonekana kuwa la bahati lilifikiriwa, likapangwa na kurudiwa. Mkazi wa Tassia hahitaji mfasiri hapa. Yeye huona alfajiri umati ukishuka ngazi za maghorofa na kushika njia kwa miguu kwenda Industrial Area, nauli ikiwa imeokolewa kwa ajili ya unga. Na jioni huuona ukirejea. Kwamba sinema, katika siku yake ya kuzaliwa mbele ya hadhira, iliwaheshimu watu wanaotoka kazini kabla haijawasifu wafalme na majemadari, hilo kwangu ni jambo adhimu.

Katika picha nyingine Auguste na mkewe wanamlisha mtoto wao mezani nje ya nyumba. Watazamaji wa siku zile, yasemekana, walistaajabia zaidi majani ya miti nyuma yao, yaliyokuwa yakitikiswa na upepo. Tusiwacheke. Katika tamthilia walizozizoea mti ulikuwa rangi juu ya kitambaa, usiojua upepo. Na ghafla waliona ukutani jambo ambalo hapana mtu aliyeliamuru litendeke. Sisi tumeona majani mengi ya sinema hata tumeacha kuyaona, na dawa ya upofu huo ni kutazama tena kwa macho yao.

Wala tusiwacheke watu wa picha hizo kwa mwendo wao wa kurukaruka, tukadhani kwamba mababu wa Wazungu walitembea kama vifaranga. Kosa si lao. Mpiga picha alizungusha mpini kwa kadiri ya picha 16 kwa sekunde, na baadaye mashine za sinema zenye sauti, zilizowekewa kasi ya picha 24, ziliuharakisha mwendo huo. Picha hizo zikionyeshwa kwa kasi yake ya asili, watu wale hutembea kwa utulivu na heshima, kama atembeavyo yeyote kati yetu.

Mwaka 1896 Louis Lumière alipiga picha ya ukuta ukibomolewa, nayo ilipoonyeshwa kinyumenyume ukuta ulioanguka ukainuka mzima kutoka katika vumbi. Ni mchezo mdogo, lakini sisi wa Embakasi, tulioliona jengo la Taj Mall likiangushwa na matingatinga mwaka 2018, na tunaoishi chini ya kuta zinazopanda na kushuka kila msimu, hatuwezi kuutazama ukuta ule ukisimama bila moyo kushtuka.

Katika hadhira ya usiku ule wa Paris alikuwamo mfanya mazingaombwe, Georges Méliès, aliyetaka kuununua mtambo wa akina Lumière akakataliwa. Hakukata tamaa, alijipatia kamera, akajenga ukumbi wa vioo huko Montreuil, akatoa sinema zaidi ya 500. Hila yake mashuhuri ilikuwa nyepesi kueleza na ngumu kutenda: kamera husimamishwa, waigizaji hukauka walivyo, mmoja huondolewa, kamera huendelea, na mtazamaji huona mtu ametoweka. Mguu ukisogea kidogo tu, hila imefichuka. Safari yake ya mwezini, ya mwaka 1902, ilitolewa pia katika nakala zilizotiwa rangi kwa mkono, picha moja baada ya nyingine. Hata hivyo fundi huyo alifilisika, akazichoma asili za filamu zake mwaka 1923, na uzeeni akauza vitu vya watoto kuchezea katika stesheni ya Montparnasse. Dunia iliyoburudishwa naye ilichelewa kumkumbuka.

Si kila aliyeshika kamera alikuwa na adabu hiyo, na ushahidi uko katika nchi yetu wenyewe. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka katika urais wa Marekani, alikuja kuwinda Afrika Mashariki, na Mwingereza Cherry Kearton akampiga picha huku huku. Lakini mjini Chicago William Selig hakusubiri: alimvika mwigizaji sura ya Roosevelt, akanunua simba mzee, akampiga risasi ndani ya kiwanja chake, na akaiacha hadhira iamini kuwa imeiona Afrika. Uongo wake ulijaza kumbi, ilhali kazi ya Kearton iliyofuata mwaka 1910 ilipokewa kwa ubaridi. Méliès pia alidanganya macho, lakini alidanganya kama afanyavyo mwenye mazingaombwe, kwa idhini ya anayedanganywa. Selig aliuza kiini macho kwa jina la habari, na nchi zetu zimelipia biashara ya namna hiyo kwa miaka mingi.

Kwa watu wetu sinema haikukaa bubu kwa muda mrefu. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, wakoloni walitengeneza filamu za mafunzo na kuzisafirisha kwa lori, zikifuatana na maelezo ya Kiswahili katika sahani za santuri. Baadaye wenyewe tuliitwaa kazi hiyo ya kusema: Tanzania ilimpata Lufufu, msimulizi wa filamu za kigeni, na vibanda vya video vya Eastlands vikampata DJ Afro, ambaye sauti yake huwafanya wapiganaji wa ng'ambo wazungumze kama vijana wa mtaani. Hao ni ndugu wa mabenshi wa Japani, waliosimama kando ya pazia wakiisimulia sinema bubu kwa hadhira. Ustadi wao naupenda. Lakini msimulizi hodari hustawi pale picha yenyewe imejua kueleza bila yeye.

Kwa hiyo nawausia vijana wa Tassia na wa mitaa yote ya Eastlands, ambao kila mmoja ana mfukoni kamera bora kuliko kisanduku cha Lumière: jipeni sekunde 50 tu, msiisogeze kamera, msitie muziki wala maneno, mkaonyeshe watu wanaotoka kazini, au mama akipanga sukuma wiki mezani pake. Mkishindwa, rudieni, kwa maana hata picha ya lango la Lyon ilirudiwa. Hapo mtajua kazi waliyoifanya wale waliotutangulia, na mtaa wetu utapata kumbukumbu yake iliyopigwa na wana wake wenyewe, kabla hajaja mgeni kutupigia ya uongo.