Kiambishi Kisichotosha: Uhakiki wa Utambuzi wa Watengenezaji wa Vifaa kwa Anwani za MAC

Programu nyingi zinazobainisha mtengenezaji wa kifaa cha mtandao hukata biti 24 za mwanzo za anwani ya MAC, kisha huzitafuta katika sajili ya IEEE. Hata hivyo, IEEE hugawa pia viambishi vya biti 28 na 36; hivyo, msimbo unaoishia kwenye 24 huzichanganya kampuni zinazoshiriki mwanzo mmoja. Dawa yake ni nyepesi: kutafuta kwanza kiambishi kirefu, ndipo kifupi.

Kasoro nzito zaidi ni ya kimantiki. Sajili humtaja mmiliki wa kiambishi, si aliyeunda kifaa. Kiambishi 08:00:27 kimesajiliwa kwa PCS Systemtechnik, ilhali anayekutana nacho leo kwa kawaida amekutana na mashine pepe ya VirtualBox, isiyo na hata waya. Aidha, simu za Android tangu toleo la 10 (2019) na iPhone tangu iOS 14 (2020) kwa kawaida hujibunia anwani kwa kila mtandao. Anwani hizo hujifichua: tarakimu yake ya pili huwa 2, 6, A au E. Msimbo usioikagua tarakimu hiyo husema tu kwamba kifaa hakijulikani, na msimamizi anayezuia visivyojulikana humfungia mlango mtu yule yule aliyemruhusu jana.