Umejuaje?

Kenya haina kile kiangazi kirefu cha Ulaya na Marekani kinachofunga shule mwezi wa sita na kuzifungua mwezi wa tisa. Likizo yetu ndefu huangukia Novemba na Desemba, mvua za vuli zinapofika na udongo mweusi wa Kitengela kuvimba na kung'ang'ania viatu. Ndiyo majuma ambayo mtoto aliyemaliza Gredi ya 9 hukaa nyumbani akingoja Januari na Sekondari Pevu, huku waliomtangulia wakiwa wameshamtisha kwa habari za jiometri. Na ndiyo majuma ya kazi ninayotaka kuisifu: kazi ya kumwandaa mtoto huyo kwa jiometri bila kumfundisha silabasi.

Mwenye kazi hiyo hana kibao mlangoni. Mara nyingi ni kijana aliyemaliza Kidato cha Nne akingoja kwenda chuo, au mwalimu mstaafu, au mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi ambaye hisabati yake haijalala. Nitamwita Mwalimu, kwa kuwa ndivyo watoto wanavyomwita hata akiwa na miaka kumi na tisa.

Kuna sheria, na Mwalimu anaijua. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza kuwatwisha wanafunzi masomo ya likizo, na anayekivunja anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja. Tuisheni iliyoleta sheria hiyo tunaikumbuka: watoto kurudishwa darasani Agosti na Desemba, wazazi kulipa, mada za mwaka ujao kukimbizwa ili shule ijisifu kuwa imemaliza silabasi mapema. Kazi ninayoisifu ni kinyume cha hayo. Haikimbilii mada yoyote. Inataka mtoto aingie Januari akiwa na swali moja tu ulimini, na swali lenyewe ni hili: umejuaje?

Kitengela panafaa kwa swali hilo kwa sababu mji wenyewe umezaliwa na mistari. Ardhi hii ilikuwa malisho ya Wamaasai wa Kaputiei, ikawekwa chini ya ranchi za kikundi kwa sheria ya 1968, kisha kuanzia miaka ya 1980 ikagawanywa kwa mtu mmoja mmoja. Mwaka 1990 ukaja mpango wa viwanda vya bidhaa za kuuza nje pale Athi River, wafanyakazi wakatafuta pa kulala, na malisho yakakatwa ploti. Sensa ya 2019 ilikuta zaidi ya watu 150,000 mjini, na ni wachache miongoni mwao wasiojua maana ya hamsini kwa mia.

Mwalimu huanzia hapo. Ploti ya futi hamsini kwa mia ina futi 5,000 za mraba. Ekari moja ina futi 43,560 za mraba, kwa hiyo thumuni yake ni 5,445. Mbona basi ploti hiyo huuzwa kwa jina la thumuni ya ekari? Mtoto huzidisha kwa nane, akaona kwamba ploti nane zikitoka katika ekari moja hubaki futi 3,560, akasema mwenyewe: hiyo ndiyo barabara. Hufurahi, na ana haki ya kufurahi, lakini hapo bado ni hesabu. Jiometri huingia kwa swali linalofuata. Nikikuuzia ploti yenye pande za futi 50, 100, 50 na 100, ukazipima zote nne ukakuta ni kamili, je, nimekupa futi 5,000?

Watoto hujibu ndiyo. Mzazi anayesikiliza kutoka jikoni naye hujibu ndiyo, na huenda ameshawahi kutia sahihi mkataba kwa kutegemea jibu hilo.

Hapo Mwalimu hatoi maelezo. Hutoa vipande vinne vya mbao nyembamba, viwili vifupi na viwili virefu, vilivyounganishwa kwenye kona kwa misumari midogo, akampa mtoto asukume. Umbo hulala upande. Pande zote ni zilezile, hakuna aliyezipunguza, lakini nafasi iliyo ndani inasinyaa machoni pao. Kona mbili zikibanwa hadi nyuzi 60, eneo hushuka hadi futi za mraba 4,330 hivi: ardhi ya futi 670 imeyeyuka bila upande hata mmoja kuguswa. Ukizidi kusukuma, mwisho utabaki na pande nne kamili zisizo na ardhi yoyote kati yake. Kisha Mwalimu huongeza kipande cha tano kutoka kona hadi kona, na fremu iliyokuwa ikiyumba inakuwa imara kabisa. Atakayeinua macho kwenye kenchi za nyumba inayojengwa ng'ambo ya barabara ataona kwa nini seremala amejaza pembetatu humo.

Sasa swali hugeuzwa. Ungekuwa mnunuzi, ungemkamataje muuzaji wa ploti iliyolala? Hapa mafundi wa mjengo wamekwisha kutangulia. Kabla ya kuchimba msingi, fundi hupiga skwea kwa tatu-nne-tano, kisha huvuta futi kona kwa kona. Kwenye hamsini kwa mia iliyo sawa, mishazari yote miwili ni karibu futi 112. Kwenye ile iliyobanwa hadi nyuzi 60, mmoja ni futi 132 na mwingine 87. Hakuna haja ya kuwa na chombo cha kupimia pembe. Ukimwuliza fundi kwa nini mishazari ikilingana kona huwa skwea, atakwambia ndivyo ilivyo, na nyumba zake zinamshuhudia.

Mtoto wa jiometri hana ruhusa ya kuishia hapo. Mwalimu humwongoza taratibu. Tazama pembetatu mbili zinazotumia kwa pamoja upande wa chini wa futi 100. Kila moja ina upande huo, ina upande wa futi 50, na ina mshazari wake. Mishazari ikilingana, pembetatu hizo zina pande tatu zinazolingana, basi zinalingana kwa kila kitu, na kona mbili za chini ni sawa. Lakini pande mbili za ubavuni ni sambamba, kwa kuwa pande zinazokabiliana zinalingana, kwa hiyo kona hizo zikijumlishwa ni nyuzi 180. Zilizo sawa zikajumlika 180, kila moja ni 90. Haiwezi kuwa vingine, hapa Kitengela wala kwingineko.

Neno "haiwezi" ndilo ambalo kazi nzima ya likizo inalitafuta. Kuonekana ni jambo moja na kulazimika ni jingine, na jiometri ni mahali ambapo mtoto huambiwa waziwazi kwamba macho yake mazuri hayatoshi. Herodotus aliandika kwamba elimu hii ilianzia Misri, pale mto Nile ulipomega mashamba na watu wa mfalme kutumwa kupima kilichobaki ili kodi ipunguzwe. Ilianza, yaani, kwa kamba, ardhi na malalamiko, mambo ambayo kaunti yetu ya Kajiado inayajua. Karibu mwaka 300 kabla ya Kristo, huko huko Misri, mjini Alexandria, Euclid aliipanga upya ikawa safu ya sababu, kila moja ikisimama juu ya iliyotangulia. Mtoto wetu anatakiwa kuvuka umbali huo wote, kutoka kwenye kamba hadi kwenye sababu, na shule humtarajia avuke ndani ya muhula mmoja.

Ndipo wengi huanguka. Waholanzi wawili, mke na mume, Dina van Hiele-Geldof na Pierre van Hiele, walilichunguza anguko hilo katika tasnifu zao za Utrecht za mwaka 1957. Walieleza kwamba ufahamu wa jiometri hupanda kwa ngazi. Kwanza mtoto hulijua umbo kwa sura yake: huu ni mraba kwa sababu unafanana na mraba, na ukiuzungusha usimame kwa kona moja atakana kuwa ni mraba. Kisha huzijua sifa zake. Kisha huona kwamba sifa moja huzaa nyingine. Mwisho ndipo uthibitisho humwingia. Mwalimu aliye ngazi ya juu akisema na mtoto aliye ngazi ya chini, wote wawili hutaja mraba na hakuna anayemsikia mwenzake. Na ngazi hairukwi kwa kukariri. Anayefundishwa uthibitisho kabla ya kuzizoea sifa huukariri kama sala ya lugha asiyoijua, akafaulu mtihani wa mwezi wa tatu na kupotea mwezi wa saba.

Kwa hiyo likizo ni ya ngazi zile za chini, ambazo darasa la watoto hamsini halina muda nazo. Mtoto hukata pembetatu ya karatasi, yoyote, hata ya ovyo, akachana kona zake tatu na kuzipanga pamoja: zinalala kwenye mstari mmoja ulionyooka. Nyuzi 180. Anakata nyingine, nayo vilevile. Anatangaza kwamba pembetatu zote ziko hivyo.

"Umejuaje?"

"Nimejaribu nyingi, Mwalimu."

"Zilizobaki je?"

Hapo ndipo mstari mmoja huchorwa kupitia ncha ya juu, sambamba na upande wa chini, na pembe zile tatu zikaonekana zimeketi pale juu bila mkasi wala gundi. Majaribio yalimwonyesha mtoto jambo. Mstari ule umemwonyesha kwa nini halina budi kuwa hivyo.

Mwalimu aliye kusini zaidi, upande wa Isinya au Kajiado mjini, huweza kuanzia bomani. Ua wa miiba wa enkang, yaani boma la Wamaasai, huzunguka, haupigi kona. Ukiwa na ua wa mita 100, ukiupanga kwa mraba utapata mita za mraba 625. Ukiuzungusha duara utapata karibu 796, na ng'ombe wengi zaidi watalala ndani kwa kazi ileile ya kukata miiba. Mtoto hujaribu mstatili, pembe sita, pembe nane, akaona eneo likipanda kadiri umbo linavyolikaribia duara. Lakini akidai kwamba hakuna umbo linaloweza kulishinda duara, Mwalimu mwema humwambia ukweli: hilo ni kweli, ila uthibitisho wake uko mbali na sisi, liandike kwenye ukurasa wa yale tuliyoyaona na hatujayathibitisha. Daftari la namna hiyo lina kurasa za aina mbili, na mtoto anayejua jambo lake liko ukurasa gani ameshajifunza kitu ambacho watu wazima wengi hawanacho.

Mikono nayo ina sehemu yake. Seti ya jiometri inayonunuliwa supamaketi huwa na bikari ambayo skrubu yake imelegea, na bikari iliyolegea hutoa duara lisilorudi lilipoanzia. Basi somo huanza kwa kukaza skrubu, kuchonga penseli fupi mpaka ncha yake iwe sawa na sindano, na kulaza karatasi mbili tatu chini ili sindano isiteleze. Kipimapembe hubaki ndani ya kopo kwa muda mrefu. Nacho kina faida yake, lakini humpa mtoto jibu la kusoma, na nyuzi 59 husomeka kama 60. Kwa bikari, nyuzi 60 hutengenezwa: tao moja, tao la pili kwa upana uleule, na pembetatu inayozaliwa ina pande tatu sawa kwa kuwa zote ni upana wa bikari ileile. Kitabu cha kwanza cha Euclid kinaanza na mchoro huo huo. Kutoka hapo mtoto hujipatia 30, 90, 45 na 75 kwa kugawa na kuunganisha, na siku mtihani utakapomwambia atumie rula na bikari peke yake, hataona kwamba ameonewa.

Kilicho kigumu kuliko vyote katika ufundi huu ni kunyamaza. Mtoto ametazama mchoro, midomo imeanza kutikisika, jibu liko karibu, na kila mtu mzima aliyepo anatamani kumsaidia. Mwalimu hujishughulisha na kufuta ubao. Akijibiwa "inaonekana", huuliza "kwa nani?" akarudi kufuta. Anajua kwamba sababu aliyopewa mtoto ni ya Mwalimu, na sababu aliyoitoa mwenyewe, hata ikiwa na kigugumizi, ni mali yake.

Kazi hii haina cha kuonyesha jioni. Mzazi huuliza mmefika mada gani, na jibu la kweli ni kwamba hatujafika mada yoyote. Wala haimhusu mpenda hesabu peke yake. Mwaka 2025 wizara ilitangaza kwamba hisabati itabaki ya lazima Sekondari Pevu: ya kina kwa watakaochukua sayansi na teknolojia, na nyepesi kidogo kwa wa sanaa, michezo na sayansi ya jamii. Wapo walioshusha pumzi kwa tangazo hilo kwa kuwa mtoto wao ataangukia ile nyepesi. Lakini mwimbaji naye atanunua ploti, na mwanariadha atawekewa mbele mkataba wenye ramani. Siku hiyo ramani itaonekana safi, vigingi vitaonekana vimenyooka, na dalali ataonekana mtu mwema. Atakayevuta futi kona kwa kona kabla ya kutoa pesa huenda asikumbuke hata mada moja ya Gredi ya 10, na bado aliyemwandaa Desemba ile alifanya kazi yake sawasawa.