Wimbo, Jina na Kisa: Watunzi wa Kilwa na Lindi Wako Wapi?

Msomaji wa visiwani akitajiwa Siti binti Saad hahitaji maelezo marefu. Anajua alizaliwa Fumba, akaja mjini, akapelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na akafariki mwaka 1950. Anajua pia kwamba Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Majina ya wenziwe, akina Mbaruku, Buda bin Swedi, Subeti bin Ambari na Mwalimu Shaabani, hayajapotea. Na lililo kubwa zaidi, baadhi ya nyimbo zake zimebaki pamoja na visa vyake. "Kijiti" ni wimbo uliotokana na kuuawa kwa mwanamke aliyekuja Unguja kutembea akitokea Dar es Salaam. Muuaji alitoroka akavuka kwenda bara, na wanawake waliokuwa mashahidi ndio walioishia kuadhibiwa. Mwanahistoria Laura Fair alipowahoji wazee wa Unguja miongo kadhaa baadaye, kisa hicho kilikuwa bado kinywani mwao. Asiyekijua husikia wimbo wa kumlaani mtu mwovu. Akijuaye husikia, ndani ya maneno yale yale, lawama kwa mahakama.

Makala haya yanakusudia kulipeleka swali hilo upande wa pili wa bahari, kusini, katika pwani ya Kilwa na Lindi. Watunzi wetu ni nani, na nyimbo zao zilitokana na nini?

Kilwa haijakosa kuandikwa. Ibn Battuta aliifikia mwaka 1331 akamsifu sultani wake kwa ukarimu. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Yalipoanza kuliwa na mawimbi na kubomoka, yaliwekwa mwaka 2004 katika orodha ya urithi ulio hatarini, yakakarabatiwa, na mwaka 2014 yakatolewa humo. Hayo yote ni mema. Lakini watu waliokaa katika nyumba zile, na wajukuu zao wanaokaa leo Kivinje, Masoko, Kilwa Kisiwani, Mchinga na Lindi mjini, waliimba na wanaimba. Jiwe likianguka, lipo la kuokotwa. Mtunzi akifa na kisa chake, hakuna fundi wa kukirudisha.

Huenda msomaji akauliza: wimbo si unajitosheleza? Nani alilia na kwa nini alilia, yatuhusu nini ikiwa vina vimelingana na mizani imetimia? Swali hili ni la haki, na wapo wahakiki wanaolisimamia. Mimi nalijibu kwa upande wa kazi ya tafsiri, kwa kuwa mfasiri ndiye wa kwanza kukwama. Kiswahili hakitofautishi mume na mke katika kitenzi. Mtunzi akisema kwamba mwenzake amemtupa, kiambishi cha nafsi ya tatu hakimwambii mfasiri kama mwenzake huyo ni mume, mke, rafiki, nahodha, au serikali. Lugha nyingine humlazimisha achague. Asiyekuwa na kisa huchagua mapenzi, kwa sababu mapenzi ndiyo njia nyepesi, na hivyo nyimbo nyingi za malalamiko ya kazi, ya kodi na ya ardhi zimeingia vitabuni kama nyimbo za wapenzi walioachana.

Kuna na jambo jingine, nalo ni wakati. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, msafiri wa kusini alivuka mto Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, na masika yalipozidi aliweza kukwama ng'ambo siku nyingi. Mtunzi wa miaka hiyo akiitaja Ndundu kumweleza mpenzi asiyefika, kila msikilizaji alielewa bila kufafanuliwa. Kijana wa leo anayepita darajani ndani ya basi kwa dakika moja atadhani ni jina la mtu. Miaka ishirini na ushei imetosha kulifanya neno la wazi kuwa fumbo ambalo mtunzi hakulikusudia.

Dawa ya maradhi haya ilipatikana zamani. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki kiasi cha mwaka 1840, alitunga mashairi yake katika mzozo wa Mazrui na Seyyid Said, katika ulaji na ukata, katika ugomvi wa mitaa. Yangeweza kutufikia kama mafumbo matupu. Lakini Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya, akashirikiana na mmisionari W. E. Taylor, na pamoja na mashairi yakahifadhiwa maelezo ya nani alimjibu nani na kwa sababu gani. Ndiyo maana Hichens aliweza kuchapisha diwani mwaka 1940, na Mohamed Abdulaziz akaweza kuandika juu ya Muyaka mwaka 1979 kitabu ambacho mtu hukisoma kama anayesikiliza baraza. Ubora wa Muyaka ni wake mwenyewe. Lakini kwamba sisi tunauona ubora huo, hilo ni deni letu kwa Mwalimu Sikujua.

Kusini tunaye mmoja anayeweza kuwekwa karibu na hapo, naye ni Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, mtunzi wa Utenzi wa Vita vya Maji-Maji. Utungo wake ulichapishwa Ujerumani na Lorenz mwaka 1933, kisha na Whiteley mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Hapa mambo yamegeuka. Kisa tunacho, tena kikubwa: vita vilivyoanza Julai 1905 katika milima ya Matumbi, nyuma ya Kilwa, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, dawa ya maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa Mohoro mwezi Agosti mwaka huo, kisha njaa iliyoua wengi kuliko risasi. Tunachokikosa ni mtunzi. Wasomaji wamebishana juu ya msimamo wake: je, anawalaumu waliopigana, au anawasikitikia? Alitunga katika mji wenye boma la Wajerumani, na kazi yake ikatoka kwa mkono wa Wajerumani. Hatuwezi kupima ukimya wake, wala kujua kipi alikiamini na kipi alikisema kwa tahadhari, maana hakuna aliyemwandikia maelezo kama Sikujua alivyomwandikia Muyaka. Utenzi huo hufunzwa kama hati ya historia. Ni nadra kuusoma kama kazi ya mtu aliyekuwa na hofu, majirani na nafsi.

Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, alilishika tukio hilo hilo katika tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969, na yeye hakutuacha gizani: alieleza kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha fikra, si yule wa historia. Sentensi chache za mtunzi zimetuepusha na ubishi wa miaka mingi.

Tuje kwenye dansi. Wenyeji wa Kilwa waliohamia Dar es Salaam waliunda Kilwa Jazz, iliyoongozwa na Ahmed Kipande na kuvuma katika miaka ya sitini, kama vile watu wa magharibi walivyokuwa na Western Jazz. Jina la bendi lilikuwa jina la kwao. Wenye kumbukumbu wanaijua sauti ya magitaa yale. Lakini mara nyingi tangazo la redio lilitaja bendi, likamwacha aliyekaa usiku akiyapanga maneno. Tunasema "wimbo wa Kilwa Jazz" kana kwamba bendi nzima iliachwa na mchumba mmoja.

Na huyo walau ana jina la bendi. Mwanamke wa Kilwa anayetunga wimbo wa ngoma, ukaimbwa harusini na kijiji kizima, hana hata hilo. Baada ya miaka michache mtafiti huja na kinasa sauti, akaandika kwamba ni wimbo wa jadi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mtunzi, ikiwamo haki ya kutajwa jina, na inalinda pia sanaa za jadi. Ni sheria njema. Lakini neno "jadi" likibandikwa juu ya wimbo ambao mtunzi wake yu hai, akipepeta mchele nyumba ya tatu, limemnyang'anya haki ya kwanza kwa kumpa heshima ya pili.

Sipendekezi kila fumbo lifumbuliwe. Fumbo ni adabu ya pwani. Kwalo mtu humwambia jirani ukweli na kesho wakaazimana kinu. Nyimbo za unyago zina wenyewe, na asiyeingizwa hana haki ya kuzidai. Mtunzi akisema kisa chake ni siri, iandikwe hivyo: kisa kipo, mwenyewe amekizuia. Hata hilo ni elimu, kwani linamwambia msomaji wa kesho asijitungie kisa cha kubahatisha.

Ninachopendekeza ni kidogo. Kila anayechapisha tungo za pwani yetu, awe mwalimu, mtangazaji au mhariri wa jarida kama hili, atangulize juu ya kila wimbo mambo manne: aliyetunga, mahali, mwaka au majira yake, na tukio, au kauli ya mtunzi kwamba hataki kulisema. Ni mistari minne tu. Lakini hiyo ndiyo iliyompa Mombasa Muyaka, ikaipa Unguja Siti. Kilwa na Lindi hazikupungukiwa watunzi. Zimepungukiwa mtu wa kuuliza, na waliobaki wa kuulizwa ni wazee.