Ghiliba na Haki katika Neno la Kiingereza

Mfasiri alikutapo neno la Kiingereza "cheat" hukimbilia "danganya", na aghalabu hapo ndipo maana inapomponyoka. Kudanganya ni kazi ya ulimi: pana msemaji, pana msikilizaji, na pana uwongo baina yao. Lakini mcheza karata aliyeficha turufu hakusema neno, wala mwanafunzi achunguliaye karatasi ya jirani hakumwambia mtu uwongo. Mwingereza huwatia wote wawili katika neno hilo moja. Akitazamacho ni haki iliyotwaliwa kinyume cha kanuni.

Asili yake yaeleza mengi. Katika Uingereza ya enzi za kati, ardhi ya mtu aliyekufa bila ya mrithi ilirejea kwa bwana wake au kwa mfalme. Utaratibu huo uliitwa "escheat", na pakawekwa maofisa wa kuusimamia. Hao wakajipatia sifa mbaya ya kutwaa visivyo vyao, na mwishoni mwa karne ya 16 jina la kazi yao, likiwa limekatwa kichwa, lilikwisha kuwa jina la utapeli. Shakespeare alizijua maana zote mbili. Katika The Merry Wives of Windsor, Falstaff, hana hata senti, anapanga kuwatongoza wake wawili wa watu ili apate kuzifikia fedha za waume zao, na anajivika cheo hicho hicho: ofisa wa mfalme na laghai kwa pumzi moja. Wasomaji wengi wa leo huucheka mzaha huo nusu tu.

"Deceive" ni jingine. Latoka katika Kilatini cha kunasa, nalo ndilo jirani wa kweli wa "hadaa". (Kwa Wafaransa wa leo ndugu yake amepoa, hamaanishi zaidi ya kuvunja moyo.)

Uzito upo katika ndoa, ambako Wamarekani wa karne ya 20 walilipeleka "cheat" kwa kuliongezea "on". Mume aliyemkiria mkewe kila kitu bado huitwa hivyo. "Alimdanganya" yamtia hatiani kwa uwongo ambao pengine hakuusema. "Alizini" yaleta hukumu ya dini ambayo Kiingereza cha mtaani hakikuitaja. "Alimwendea kinyume" ndiyo ikaribiayo, na ajabu ni kuwa wafasiri wachache huikumbuka.

Na mgonjwa aliyepona ghafla, Mwingereza husema ame-"cheat" mauti: mauti ni mdai aliyenyimwa chake. Kiswahili husema "amenusurika", na mdai hutoweka katika sentensi.