Kicheko cha Nshamba na Filamu ya The Falling

Filamu ya The Falling, iliyotungwa na kuongozwa na Bibi Carol Morley wa Uingereza mwaka 2014, ni hadithi nzito yenye faraja haba. Mambo yake yatukia mwaka 1969 katika shule ya wasichana. Abigail, apendwaye na wenzake, aanguka na kufa akiwa mja mzito. Baadaye rafiki yake Lydia aanza kuzirai. Kisha mwingine, na mwingine, hata mwalimu mmoja. Nyumbani kwa Lydia yumo mama ambaye kwa miaka mingi hathubutu kuvuka kizingiti cha mlango wake.

Mtazamaji wa Muleba hawezi kuiona habari hii kuwa ngeni. Tarehe 30 Januari 1962, majuma machache tu baada ya Tanganyika kupata uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni huko Kashasha walishikwa na kicheko wasichoweza kukizuia. Kufikia tarehe 18 Machi, shule ilipofungwa, walikuwa wamepatwa 95 kati ya wanafunzi 159. Baadhi yao kwao kulikuwa Nshamba. Na huko, katika Aprili na Mei, watu 217 walishikwa vivyo hivyo, wengi wao vijana na watoto. Madaktari Rankin na Philip, walioandika habari hizo mwaka 1963, walitafuta sumu na vijidudu wasivione. Lakini waliandika pia jambo ambalo wasimulizi wengi wamelisahau: kwamba wagonjwa walilia pamoja na kucheka, na kwamba wengine walisema wanaogopa, kana kwamba mtu anawafukuza.

Kwa kipimo hicho twaweza kuipima filamu. Nguvu yake i katika picha za wasichana wakianguka pamoja, mmoja baada ya mwingine, kama majani yapitiwayo na upepo. Hapo Bibi Morley hatoi maelezo yoyote. Anawaonyesha wakubwa wakishuku kwamba watoto wanajisingizia, naye mtazamaji anaachwa ashuku na ashtuke pamoja nao. Bi Maxine Peake, katika sehemu ya mama, asema machache, na kimya chake chatisha kuliko kuzirai kwenyewe.

Udhaifu waja karibu na mwisho. Twaambiwa kwamba mama alinajisiwa, na kwamba Lydia ndiye tunda la jeuri hiyo. Jeraha hilo ni la kweli, wala simlaumu mtungaji kwa kulitaja. Lakini mara siri ikishafunuliwa, hadithi nzima yageuka kuwa kufuli moja lenye ufunguo mmoja. Je, wale wasichana wengine? Nao walikuwa na nyumba zao na hofu zao, ila filamu yawaacha sakafuni na kumfuata Lydia peke yake. Nshamba yatukataza njia hiyo, kwani watu 217 hawakuzaliwa na mama mmoja. Wataalamu wa baadaye wametaja ukali wa maisha ya bweni, matarajio ya wazazi, na mabadiliko ya nyakati. Yawezekana yote yalikuwamo, kila mtoto na mzigo wake.

Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Katika filamu, Lydia aangukapo majini, mama amlilia. Onyesho hilo ndilo bora kupita yote, maana halieleweshi bali lalia. Kashasha na Nshamba maradhi yalifichuliwa na kicheko, nacho kikadanganya masikio ya ulimwengu, hata habari ile ikasimuliwa mbali kama mzaha. Atakayeitungia mchezo siku moja hana budi kuanzia penye hofu waliyoitaja wagonjwa wenyewe, na kumwachia kila msichana hofu yake, wala asiwape wote siri moja.