Kalori za saa si za kula

Asubuhi ya siku ya Mungu vikundi vya mbio vinapita hapa Katindo wakiimba, na mikono mingi iko na saa janja. Mimi pia niko nayo, miezi nane sasa. Leo nataka niiseme.

Kwanza hatua. Nikienda Birere kwa moto, mawe ya volkano yanatikisa mkono na saa inanipongeza kwa hatua zenye sikupiga. Siku moja nikamwazima jirani, msukuma chukudu. Alipandisha mifuko ya viazi kilima kizima, jasho linatiririka. Jioni saa ikamhesabia hatua kidogo sana, tena ilimwambia mchana asimame ajinyooshe. Huyo mtu! Kumbe saa haioni miguu, inasikia tu mkono ukiyumba. Mikono ikishika usukani bila kuyumba, kwake umekaa.

Mapigo ya moyo, hapo inajaribu. Ile taa ya kijani inaangaza ndani ya ngozi, damu inameza sehemu ya mwanga, saa inahesabu ginsi mwanga unaorudi unavyopanda na kushuka. Mkanda ukilegea, inasoma mtikisiko wa mkono badala ya moyo. Baridi ya asubuhi inapunguza damu kwenye ngozi, na ngozi nyeusi kama yetu inameza mwanga zaidi. Kaza mkanda, pandisha saa kidogo juu ya kifundo. Halafu simama, weka vidole shingoni, hesabu sekunde 30, zidisha mara mbili, linganisha. Shambani hatukubali pompa ya dawa bila kuipima kwanza na maji. Juu ya nini tuikubali saa?

Umbali nao nilipima na dekameta yangu ya mita 50 niliyotumia wakati wa memwari, mara kumi kwenye barabara moja. Nikianza kukimbia mara moja, saa ilinipa mita 540. Nikingoja kwanza ipate satelaiti, mita 505. Uvumilivu wa dakika moja tu.

Sasa kalori, na hapa njo ninakasirika. Kalori saa haipimi, inakisia kwa uzito, umri na mapigo. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walijaribu vifaa saba vya mkononi kwa watu 60. Sita vilisoma moyo vizuri, kosa chini ya asilimia 5. Kwa kalori, hata kile bora kilikosea wastani wa asilimia 27, na kibaya zaidi asilimia 93.

Lakini tarakimu hiyo njo inaandikwa kubwa, kama bei ya sokoni, bila kusema ni makisio. Dada mmoja tuliyesoma naye agronomia alikuwa anaila kabisa: saa ikisema 300, anapunguza bugali, ikisema 150, anaacha chakula cha jioni. Wiki tatu hivyo. Akapata kizunguzungu kati ya mistari ya maharagi, wafanyakazi wakambeba. Mtu wa lisansi, mwenye anafundisha wakulima mambo ya lishe!

Saa bado anaivaa, ila ukurasa wa kalori ameuficha. Dekameta iko kwangu. Mwenye anataka kupima yake aje kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, mbele moto hazijajaa barabarani.